Jina Lililobaki Mlimani: Historia ya Kahawa Maalumu ya Ethiopia

Kiswahili kina maneno mawili kwa zao moja, na kila neno lilifika kwa njia yake. Buni ni tunda na punje yake, na mti wake ni mbuni. Kahawa ni kinywaji kinachopatikana punje hizo zikishakaangwa, kutwangwa na kuchemshwa, ingawa katika matumizi ya leo neno hili la pili limetanua mipaka yake hata likameza maana ya la kwanza. Buni limepitia katika Kiarabu, ambacho huziita punje hizo bunn, na lina undugu na bunna ya Kiamhari na buna ya Kioromo, lugha za watu walioishi na mti huo tangu zamani. Kahawa latokana na qahwa, jina ambalo Waarabu walilitumia kwa mvinyo kabla ya kulihamishia kwenye kinywaji kilichowasaidia masufi wa Yemen kukesha katika dhikri zao katika karne ya 15. Neno moja laelekea mlimani na jingine bandarini, na katika nafasi iliyo kati yake ndimo ilimo historia ya kahawa ya Ethiopia, kwa sababu kwa karne nyingi punje ziliteremka kwenda kuuzwa na jina la mahali zilipoota likabaki nyuma. Kile kinachoitwa leo kahawa maalumu, yaani kahawa inayonunuliwa kwa ubora wa ladha yake na kwa kujulikana ilikotoka, badala ya kuchanganywa na nyingine na kuuzwa kwa uzito tu, kwa Ethiopia kimekuwa kazi ya kulirudisha jina hilo. Na kazi hiyo imefanywa shambani, kwenye vichanja vya kuanikia, kwenye meza za waonjaji na hatimaye mbele ya sheria.

Kosa la mapema juu ya jina lilifanywa na sayansi yenyewe. Mwaka 1753 Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuita mti huo Coffea arabica, kwa kuwa Ulaya iliujua kutoka Yemen na ikaamini kwamba ni mti wa Arabuni. Chimbuko la mbuni wa arabika, hata hivyo, ni misitu ya mvua ya nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Ethiopia, katika sehemu kama Kaffa, Sheka na Illubabor, pamoja na uwanda wa Boma ulioko Sudan Kusini, ambako mpaka leo mibuni huota bila kupandwa chini ya miti mirefu. Wanasayansi wamebaini kwamba arabika ilitokana na kukutana kwa aina mbili za mibuni ya mwituni, mmojawapo ukiwa ule uzaao robusta, na kwamba maua yake huweza kujichavusha yenyewe. Kwa hiyo punje chache zikichukuliwa kutoka msituni zinaweza kuzaa mashamba mazima, lakini mashamba hayo yatabeba sehemu ndogo sana ya aina zilizobaki nyuma.

Watu wa nyanda hizo hawakungoja kinywaji cha Yemen ndipo waujue mti wao. Miongoni mwa Waoromo ilikuwepo, na bado ipo, desturi iitwayo buna qalaa, ambapo matunda ya kahawa hukaangwa katika siagi na kuliwa katika shughuli za kuomba baraka. Na James Bruce, Mskoti aliyezuru Ethiopia kati ya mwaka 1769 na 1772, aliandika kwamba Waoromo waliokuwa vitani walibeba kahawa iliyosagwa na kuchanganywa na siagi kama chakula cha njiani. Msomaji wa Bukoba hatashangazwa na jambo hili, kwani Wahaya nao, kwa kutumia robusta, wamekuwa wakizichemsha na kuzikausha buni kisha kuzitafuna, na kumkaribisha mgeni kwa buni ni heshima inayojulikana kotekote katika nchi yao. Mlimani, basi, buni ilikuwa na maana, adabu na heshima zake. Ufalme wa Kaffa, ambao misitu yake ndiyo hutajwa mara nyingi kuwa kitovu cha mti huo, ulijitawala mpaka mwaka 1897, pale majeshi ya Mfalme Menelik II yalipouteka na kumchukua mateka mfalme wake wa mwisho, Gaki Sherocho. Na vita hivyo viliiachia nchi hiyo hasara kubwa ya watu.

Jina lilipotelea bandarini. Kufikia karne ya 16 Wayemeni walikuwa wakiilima kahawa kwenye matuta ya milima yao, na bandari ya al-Makha, ambayo Wazungu waliiita Mocha, ikawa lango la biashara hiyo kwa ulimwengu. Kutoka Yemen, kwa kupitia India, Waholanzi waliipeleka mibuni Java, na mwaka 1706 mche mmoja ukafikishwa Amsterdam. Wafaransa nao waliipeleka katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion, mwaka 1715. Sehemu kubwa ya arabika iliyolimwa duniani baadaye ilitokana na mikondo hiyo miwili miembamba, na mkondo wa Bourbon ndio uliofika Bagamoyo na kisha Kilimanjaro kwa mikono ya wamisionari wa Kifaransa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mbuni wa Mchaga, kwa hiyo, ni mtoto wa jirani wa kaskazini aliyezungushwa kwa bahari, akapitia Yemen na visiwa vya Bahari ya Hindi, akafika nyumbani akiwa na jina la kisiwa.

Hata kahawa iliyotoka Ethiopia yenyewe ilivishwa jina la watu wengine. Harar, mji wa Kiislamu uliozungukwa na ukuta mashariki mwa nchi hiyo, ulikuwa na mashamba yake ya kahawa na misafara ya ngamia iliyoteremka hadi Zeila na Berbera, kisha mzigo ukavushwa hadi Aden na kuuzwa kama kahawa ya Mocha. Mshairi wa Kifaransa Arthur Rimbaud alifika huko mwishoni mwa mwaka 1880 akiwa wakala wa nyumba ya biashara ya Bardey iliyokuwa na makao Aden, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kununua kahawa. Menelik aliuteka mji huo mwaka 1887, na reli kutoka Djibouti ilipofika Dire Dawa mwaka 1902, mzigo ukaacha ngamia ukapanda treni. Ndani ya Ethiopia, Kanisa la Kiorthodoksi lilikuwa limeitazama kahawa kwa muda mrefu kama kinywaji cha Waislamu na cha wafuasi wa dini za asili, na ni kuelekea mwisho wa karne ya 19 ndipo Wakristo wa nyanda za kaskazini walipoanza kuinywa kwa wingi. Kinywaji ambacho leo huhesabiwa kuwa alama ya taifa zima kilikuwa, mpaka hivi karibuni kihistoria, alama ya mpaka kati ya jamii zake.

Ili kuelewa jinsi jina la mahali linavyoweza kukaa ndani ya punje, ni lazima kutazama namna kahawa inavyolimwa. Wataalamu hugawa ukulima wa Ethiopia katika namna nne. Ya kwanza ni kahawa ya msituni, ambayo huchumwa kutoka mibuni iliyoota yenyewe. Ya pili ni ya msitu uliopunguzwa, ambamo wakulima hukata baadhi ya miti na magugu ili mibuni ipate mwanga. Ya tatu, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, ni kahawa ya bustani, inayopandwa kuzunguka nyumba pamoja na mazao mengine. Na ya nne ni ya mashamba makubwa, ambayo sehemu yake ni ndogo. Mfano mzuri wa bustani hizo uko katika nchi ya Wagedeo, kusini mwa Ethiopia, ambako mibuni husimama pamoja na ensete, mmea wa jamii ya mgomba ambao huliwa shina na kiazi chake na si tunda, chini ya miti ya kivuli kama mringaringa, ambayo majani yake huanguka na kuwa mbolea. Mpangilio huo wa ngazi tatu umelilisha eneo lenye watu wengi sana bila kulifanya jangwa, na mwaka 2023 UNESCO iliiandikisha nchi hiyo ya Wagedeo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kahawa nyingi ya sifa hulimwa kati ya mita 1,500 na 2,200 juu ya usawa wa bahari. Katika miinuko hiyo usiku huwa wa baridi na tunda huchukua muda mrefu kuiva, hivyo punje hupata nafasi ya kujaza sukari na asidi ambazo baadaye humpa mnywaji utamu na uchachu safi. Kivuli nacho hufanya kazi iyo hiyo ya kulichelewesha tunda. Zaidi ya hayo, mkulima wa Ethiopia hana aina moja ya mbuni. Katika bustani moja huweza kusimama mibuni ya asili ya namna kadhaa, ambayo wenyeji huitambua kwa umbo la jani, ukubwa wa tunda na rangi ya chipukizi, na kila namna ina jina lake katika lugha ya pale. Utajiri huo haupatikani kwingineko, kwa sababu kwingineko kulifika punje chache tu zilizopita katika tundu la sindano la Yemen.

Thamani ya utajiri huo ilidhihirika wakati wa maafa. Chulebuni, ugonjwa wa ukungu unaoozesha matunda ya kahawa yakiwa bado mabichi, uligunduliwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1922, na jina la kisayansi la ukungu wake, Colletotrichum kahawae, limebeba neno la Kiswahili ndani ya Kilatini. Mwaka 1971 ugonjwa huo ulibainika Ethiopia. Watafiti wa kituo cha Jimma waliingia misituni na mashambani kutafuta mibuni iliyosimama na afya palipokuwa na ugonjwa mkali, wakakusanya mbegu zake, wakazijaribu na kuzigawa kwa wakulima. Aina kama 74110 na 74112 bado zinabeba katika namba zake mwaka 1974 zilipochaguliwa. Tiba ilipatikana katika msitu ule ule ambao dunia ilikuwa imeusahau, na hakuna hoja nyingine iliyo na nguvu zaidi ya hiyo kwa kuihifadhi misitu ya Kaffa na Yayu, ambayo tangu mwaka 2010 imetambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi za biosfia.

Mfano wa pili unaigusa Tanzania moja kwa moja. Katika miaka ya 1930 mbegu zilikusanywa kutoka misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, katika eneo la Gesha, zikafikishwa katika kituo cha utafiti cha Lyamungu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kutoka hapo zikapelekwa Costa Rica mwaka 1953, kisha zikasambazwa Panama kwa matumaini kwamba zingeistahimili kutu ya majani. Wakulima wengi hawakuipenda mibuni hiyo kwa kuwa haikuzaa sana. Mwaka 2004, hata hivyo, familia moja ya wakulima wa Panama iliitenga kahawa ya mibuni hiyo na kuiingiza peke yake katika mashindano ya nchi yao, na waonjaji wakastaajabu kukuta ndani yake harufu ya maua ambayo hawakuitarajia Amerika ya Kati. Ikauzwa mnadani kwa bei iliyovunja rekodi, kwa jina la Geisha. Jina la mahali lilikuwa limesafiri pamoja na mbegu, likakosewa herufi njiani, na faida yake ya kwanza ikavunwa mbali na Gesha.

Baada ya shamba huja kazi ya kuitayarisha kahawa, na hapa tofauti kati ya Ethiopia na majirani zake ni kubwa. Njia ya kale ni ya kukausha tunda zima juani pamoja na nyama yake, kisha kulikoboa. Kenya na Tanzania kahawa ya arabika iliyokaushwa hivyo huitwa mbuni au buni na huhesabiwa daraja la chini, kwa sababu mara nyingi hutokana na matunda yaliyochelewa au yaliyobaki. Huko Ethiopia, kinyume chake, hiyo ndiyo njia ya asili, na tunda lililokaushwa lina jina lake la heshima, jenfel. Ikifanywa ovyo, kwa matunda mabichi na mabivu yaliyokokolewa pamoja na kumwagwa juu ya udongo, njia hiyo huzaa kahawa yenye harufu ya uvundo. Ikifanywa kwa uangalifu, kwa matunda mekundu matupu yaliyotandazwa juu ya vichanja na kugeuzwa mara kwa mara kwa muda wa wiki tatu au zaidi, utamu wa nyama huiachia punje ladha nzito ya matunda ambayo haipatikani kwa njia nyingine. Kahawa ya Harar imejulikana kwa ladha hiyo, inayofananishwa na mvinyo na matunda ya porini.

Njia ya pili ni ya kuosha, ambayo ilienea kusini mwa Ethiopia katika miaka ya 1970, hasa katika maeneo ya Sidama na Yirgacheffe. Matunda hufikishwa kiwandani siku ile ile yalipochumwa, humenywa kwa mashine ili kuondoa ganda la nje, kisha punje zikiwa na ute wake huvundikwa katika matangi kwa saa 36 hadi 72, kutegemea baridi ya mahali, mpaka ute ulegee. Baadaye huoshwa kwa maji mengi katika mifereji, ambamo punje nyepesi huelea na kutengwa na zile nzito, kisha huanikwa kwenye vichanja kwa takriban wiki mbili huku wanawake, ambao ndio wengi katika kazi hii, wakikaa pande zote mbili na kuziondoa kwa mkono punje zenye kasoro. Takriban kilo 6 za matunda hutoa kilo 1 ya kahawa safi. Kwa kuwa njia hii huondoa sukari ya nyama mapema, punje hubaki na ladha yake yenyewe ikiwa wazi, na ndiyo maana kahawa ya Yirgacheffe iliyooshwa ilijulikana upesi kwa harufu ya maua na ndimu.

Kwamba jina la mahali hutegemea mikono kama linavyotegemea udongo, Jimma ni ushahidi tosha. Kwa miongo mingi jina la mji huo lilimaanisha, katika soko la dunia, kahawa ya bei ya chini iliyokaushwa ovyo, ingawa eneo lake liko karibu kabisa na chimbuko la arabika. Tangu mwishoni mwa muongo wa 2000, vyama vya ushirika vya wakulima wa upande huo vilijenga viwanda vidogo vya kuoshea, vikaanza kukataa matunda mabichi, na katika misimu michache kahawa ya milima ile ile ikaanza kununuliwa kwa bei ya kahawa maalumu.

Neno kahawa maalumu lenyewe lilipata umaarufu baada ya Erna Knutsen, mfanyabiashara wa kahawa wa Marekani, kulitumia mwaka 1974 katika gazeti la biashara ya chai na kahawa, akimaanisha kahawa zenye ladha ya pekee zitokazo katika mazingira ya pekee. Baadaye waonjaji walikubaliana juu ya utaratibu wa kupima madai hayo. Kwa miaka mingi utaratibu uliozoeleka umekuwa huu: kahawa iliyokaangwa kidogo husagwa, gramu 8.25 hutiwa katika kila kikombe chenye mililita 150 za maji ya nyuzi joto 93 hivi, na kila sampuli huwekewa vikombe vitano ili kasoro ya punje moja isijifiche. Baada ya dakika nne mwonjaji huvunja kwa kijiko tabaka la unga lililoelea, akiwa ameinamisha pua ili apokee harufu. Kisha huifyonza kahawa kwa nguvu ili itawanyike kinywani kote, na kurudia kadiri inavyopoa. Hupima harufu, uchachu, utamu, uzito mdomoni, usafi, ulinganifu na ladha inayobaki baada ya kumeza, na kahawa inayopata alama 80 kati ya 100 au zaidi ndiyo huitwa maalumu.

Ethiopia, hata hivyo, ilikuwa na utaratibu wake wa kuonja kabla ya alama hizo. Nyumbani, mwanamke huosha punje mbichi, huzikaanga mbele ya wageni na kuupitisha moshi wake kwa kila mmoja aunuse, huzitwanga, huzichemsha katika jebena, yaani chungu cha udongo chenye shingo nyembamba, na kumimina katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Unga ule ule huongezwa maji mara tatu: duru ya kwanza huitwa abol, ya pili tona, na ya tatu bereka, neno ambalo kila Mswahili atalitambua kuwa ni baraka. Aliyezoea kahawa chungu ya barazani Lamu au Unguja, imiminwayo kutoka kwenye dele, atakubali kwamba hapo pia kahawa hupimwa kwa kitu ambacho karatasi ya alama haina nafasi yake, yaani muda ambao watu wanakubali kukaa pamoja. Takriban nusu ya kahawa ya Ethiopia hunywewa na Waethiopia wenyewe.

Vita vya mwisho vya jina vilipiganwa kwa karatasi. Mwaka 2005 serikali ya Ethiopia iliomba Marekani isajili majina Yirgacheffe, Sidamo na Harar kuwa alama zake za biashara, ili mfanyabiashara anayenufaika na majina hayo alazimike kulitambua taifa lililoyajenga. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani kilipinga, na kampuni ya Starbucks, ambayo ilikuwa imeomba kusajili jina lenye neno Sidamo ndani yake, iliingia katika mabishano yaliyosikika duniani kote mpaka makubaliano yalipofikiwa mwaka 2007. Mwaka uliofuata Ethiopia yenyewe ilianzisha Soko la Bidhaa, ambamo kahawa iliwekwa katika makundi ya eneo na daraja ili mkulima ajue bei na alipwe haraka; lakini kwa kuichanganya kahawa ya kijiji na kijiji, mfumo huo ulifuta tena alama ya mahali hasa ilikotoka, na ni vyama vikuu vya ushirika tu, pamoja na mashamba makubwa, vilivyoweza kuuza moja kwa moja. Mageuzi ya mwaka 2017 yaliwafungulia wengine njia hiyo, na mwaka 2020 Ethiopia iliandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya Kombe la Ubora, ambapo mshindi alitoka Sidama. Mwaka huo huo Sidama ikawa jimbo linalojitawala, na wenyeji wake wakasisitiza kwamba Sidamo ni jina walilopewa na watawala wa zamani. Jina lililotetewa kisheria ugenini lilikuwa, nyumbani, nalo lahitaji kusahihishwa.

Historia hii inaonyesha jinsi jina la mahali linavyopatikana na linavyotunzwa. Mifuko ya kahawa maalumu ya Ethiopia mara nyingi huandikwa jina la kiwanda cha kuoshea, na kiwanda kimoja hupokea matunda ya mamia ya kaya, kila moja ikileta ilichochuma katika bustani yake. Kikapu kimoja cha matunda mabichi kinaweza kuliharibu tangi zima, na tangi moja lililovundikwa kupita kiasi linaweza kulishusha jina la kijiji kwa msimu mzima. Kwa sababu hiyo jina hilo haliwezi kuwa mali ya mtu mmoja, wala ya bandari, wala ya mnunuzi aliyelisajili. Ni la majirani waliokubaliana kuchuma tunda likiwa jekundu, na huendelea kuwa lao kwa kadiri wanavyoendelea kukubaliana na kadiri wanavyolipwa kwa makubaliano hayo.